Usiniambie Nzuri

Ukimuuliza Mwalimu habari za asubuhi, alikujibu "nzuri" kabla hujalimaliza swali. Lakini akikuuliza yeye, nawe ukajibu hivyo hivyo, umejitafutia. Alisimama pale pale, ndoo mkononi, akakukazia macho. "Nzuri gani? Nitajie moja." Ukibabaika alikutajia yeye: paa lako linavuja, mwanao karudishwa kutoka shule, hana viatu, na wewe mwenyewe unakohoa wiki nzima. "Sasa hiyo nzuri umeitoa wapi?" Watu wa mtaa wetu, hapa Bagamoyo mjini upande wa nyumba kongwe, walijifunza kupita njia ya nyuma.

Mimi sikuwa na njia ya nyuma. Chumba ninachoshonea na jiko lake vinatenganishwa na ukuta mmoja wa mawe na chokaa, mnene kwa kuutazama tu, maana sauti yote inapita. Kwa miaka mingi nimeshona magauni ya watu huku Kiarabu kikinijia pamoja na harufu ya kitunguu. Sasa mwenyewe yuko Dar, na jiko lile liko kimya. Nilidhani nitapumzika, kumbe kimya chenyewe ndicho kinachoninyima utulivu. Naharibu mishono, nainuka, nakaa, nainuka tena. Basi bora niandike.

Tulimwita Mwalimu, ingawa hakuna shule iliyopata kumwajiri. Aliwafundisha Kiarabu wasichana wanaojiandaa kwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Yeye mwenyewe alikaa huko miaka mingi, akipika na kulea watoto wa watu, akarudi na sanduku, birika la shaba na lugha. Wanafunzi walimjia kutoka Zinga, kutoka Vigwaza, hata Fukayosi ndani huko. Msichana mmoja wa Fukayosi alimwambia siku ya kwanza, "Mwalimu, mimi hata hicho Kiswahili chenu naazima. Nyumbani twasema Kikwere." Mwalimu akafurahi kweli. "Wewe utajua upesi," akamwambia. "Ushazoea kuazima."

Darasa lilikuwa jiko lenyewe. Ubao hakuwa nao, na msichana aliyekuja na kalamu alinyang'anywa mlangoni akapewa kisu. "Kule utaambiwa lete huku mikono ina unga. Utaandika kwa kidole gani?" Basi walipika, na yeye akawazunguka. Jiibi, lete. Shiili, ondoa. Khalli, acha hapo hapo. Alisema mara moja, na asiyeelewa aliona sufuria ikitoka mikononi mwake. Mwanafunzi mzito alirudi nyumbani na harufu ya wali ulioungua, mwepesi alirudi ameshiba. Sijapata kuona kipimo cha masomo kilicho wazi kuliko hicho.

Yeye hakukaa. Nasema hivyo kwa maana yake halisi. Mpangaji mmoja alimzawadia kigoda, akakigeuza cha kuwekea mchicha. Kahawa aliinywa akitembea, na kikombe alikiacha popote fikra nyingine ilipomkamata: juu ya mfuniko wa kisima, kwenye dirisha langu, siku moja juu ya cherehani, karibu na sindano. Kilibaki nusu kila siku. Jioni nilizoea kuvikusanya vikombe vya Mwalimu na kumrudishia, naye aliniambia, "Ahsante, mwanangu, nilikuwa nakitafuta," jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo.

Ukimwambia "kaa, Mwalimu," ndiyo umemfukuza. Alikuwa na sababu, na nitaifikia.

Jambo lililomsumbua kuliko yote ni kwamba wasichana wa pwani walikuja wakijiona wameshakijua Kiarabu. Sabuni si sabuni? Sahani si sahani? Samaki, birika, dawa, kahawa, nini kimebaki? "Mnakijua nusu," aliwaambia, "na hiyo nusu ndiyo itakayowaponza." Kisha aliwahadithia yaliyompata mwenyewe. Wiki ya kwanza Maskati bibi mwenye nyumba alimwambia wageni wanakuja as-saa sitta. Saa sita yeye anaijua tangu utotoni, jua la utosi. Akapika sufuria kubwa ya wali wa nyama, akapanga sahani, akasubiri adhuhuri hiyo akiwa na kitambaa safi kichwani. Wageni walifika magharibi, kwa sababu wenzetu huhesabu saa kama zinavyosomeka kwenye uso wa saa, na sisi tunahesabu tangu jua lichomoze. Wali ulikuwa umekauka kama udongo wa kiangazi. "Neno nililijua," alisema. "Saa sikuijua."

Kulikuwa na msichana aliyemwambia bosi wake gauni hili ni rakhis, akikusudia kwamba ni rahisi kupiga pasi, kumbe kamwambia ni la bei ya chini. Kulikuwa na yule aliyesikia bosi amesema "ana taabana", akatoka mbio kwenda kuita jirani, maana kwetu mtu akiwa taabani watu huanza kuulizana sanda iko wapi. Yule mama alikuwa amechoka tu, anataka kulala. Na salamu nayo: marhaba kule unaanzia, marahaba huku unamalizia. Msichana anamwamkia mzee wa Kiarabu kwa shikamoo, mzee anasubiri maana, msichana anasubiri marahaba, wote wawili wanabaki wamesimama mlangoni. Tulicheka mpaka mimi upande wangu wa ukuta nikavunja sindano.

Lakini kicheko chake kilikuwa na mwisho mfupi. Alikikata ghafla, akaanza kutembea, na hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza, lile ambalo nadhani ndilo lililomfanya afundishe. Halikuwa la Kiarabu. Lilikuwa la kuwavua wasichana adabu walizofunzwa na mama zao.

"Ukiambiwa kula, kula," aliwaambia. "Usiseme nimeshiba." Nyinyi mnajua kwetu ilivyo. Ukimkuta mtu anakula atakukaribisha, nawe utasema ahsante, nimeshiba, starehe. Atakukaribisha tena, utasema tena. Mpaka akushike mkono akuketishe ndipo utanawa. Mtoto wa kike anayekimbilia sahani ya kwanza anaaibisha ukoo mzima. Mwalimu alisema alilala na njaa siku nyingi kwa sababu ya neno "nimeshiba", akisubiri kukaribishwa mara nyingine, na bibi mwenye nyumba, mama mwema kabisa, akishangaa mbona hawa watu wa Bagamoyo wanakula kidogo hivi. "Hakuninyima," alisema. "Nilijinyima mwenyewe, kwa heshima."

Akawafanyisha mazoezi. Alimtolea msichana kipande cha mkate na kumwambia "kuli", kula. Msichana alicheka, akafunika mdomo, akasema ahsante. Mwalimu aliurudisha mkate kikapuni, akaendelea na mwingine. Wengine iliwachukua siku kadhaa kuuweza mkate ule.

Zoezi kubwa lilikuwa la habari. Aliwapanga msichana mmoja mmoja mbele ya jiko, akawauliza, Kiswahili kwanza: "Habari?" Na kila mmoja akasema nzuri. Hawezi kusema vingine. Nawe msomaji jijaribu. Mtu akikuuliza habari leo, ulimi utatoa nzuri wenyewe hata kama umetoka kuzika. Tena ukitoka kuzika ndiyo kabisa: habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Kwema? Kwema tu, ila baba hatunaye. Hivyo ndivyo tulivyo. Ubaya unaingia kwa mlango wa uani, baada ya wema kupita mbele.

"Usiniambie nzuri," alisema Mwalimu. "Niambie kichwa kinaniuma. Niambie sijalala. Niambie siwezi: maaqdar. Haya, semeni." Wakasema kwa sauti ya kunong'ona. "Niambie naumwa: ana mariidha." Hilo lilikuwa jepesi kidogo, kwa kuwa maradhi wanayajua. Lakini alipowarudisha kwenye Kiswahili, akawauliza tena habari, wote walirudi kwenye nzuri yao, kama kuku jioni.

Kwa sababu hiyo aliwapenda wageni wanaojifunza Kiswahili, hasa wanaokisema vibaya. Msichana mmoja wa Kizungu aliyekuwa akikaa hapa jirani aliulizwa habari na kundi la akina mama waliokuwa wakichambua mchele. Akafikiri, akasema kwa uangalifu, "Habari mbaya. Tumbo linaniuma tangu juzi, na nimepoteza kofia." Akina mama waliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimshika mkono yule mtoto wa watu, akampeleka kwake, akampikia uji, na kwa siku nyingi akawa mfano darasani. "Huyo ndiye aliyenielewa," alisema, "na mimi hata sijamfundisha."

Alipokwenda kununua bizari kwa mzee Mhindi wa duka la kona, alimuuliza kwa Kigujarati alichokiokota hapo hapo kaunta, "Kem cho?" Mzee alijibu, "Majama," yaani nzuri, kila siku, hata mwezi ule aliofiwa na mkewe. Mwalimu alirudi akisonya. "Nao wale wale," aliniambia. "Nilidhani ni sisi tu."

Sasa huyu mwanamke, aliyewafukuza watu wazima njiani kwa sababu ya nzuri zao, yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia lingine. Malaria ilimlaza, nzuri. Mwenye nyumba alitaka kumtoa, nzuri, alhamdulillahi. Na si nzuri tu: kwa Kiswahili hakujua kukataa kitu. Mtu akimwomba jambo asilolitaka, alisema inshallah, tutaona, kesho Mungu akipenda, sauti laini, kichwa kimeinama upande. Kwa Kiarabu alikuwa mtu mwingine. Mchuuzi wa samaki akimletea samaki wa jana, Mwalimu alimshushia Kiarabu mfululizo, na yule bwana, ambaye haelewi hata herufi, alielewa vizuri kwamba aondoke. Aliapa kwa Kiarabu, alikasirika kwa Kiarabu, alikataa kwa Kiarabu.

Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa amesimama kwenye dirisha langu, kikombe mkononi. "Kiswahili nimenyonyeshwa," alisema. "Kina haya zote alizokuwa nazo mama. Hicho kingine nimekiokota ukubwani. Hakinijui, hakijui mwana wa nani mimi." Akaondoka, akaacha kikombe.

Habari za huyo mama yake alinipa vipande vipande, mara nyingi nikimpima nguo, kwani ndipo alipolazimika kusimama mahali pamoja. Mwalimu akiwa Maskati alipiga simu nyumbani kila alipopewa nafasi. Habari za huko? Nzuri. Mama? Hajambo, anasali. Simu nyingine, mama kalala. Nyingine, mama kaenda Pangani kwa shangazi, hewa ya huko inamfaa. Naye akiulizwa za Maskati alisema nzuri, wakati mgongo ulikuwa ukimuuma hata kuinama hawezi. Mkataba ukaisha, akarudi, sandukuni kuna kanga na ubani wa mama. Akapiga hodi. Dada yake akafungua. "Karibu, habari za safari?" Nzuri. "Za hapa?" Nzuri. Mizigo ikaingizwa, maji yakaletwa. Ndipo dada akamwambia, "Kaa kwanza."

Mama alikuwa amekufa tangu mwanzo wa mwaka ule. Walimficha ili asije akavunjika moyo ugenini, asije akaacha kazi. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hilo ndilo lililomtesa, hakuwa na mtu wa kumchukia. "Tulidanganyana kwa heshima," aliniambia, huku futi yangu ya kupimia iko kiunoni mwake. "Mimi namwambia marehemu nzuri, na marehemu ananijibu nzuri." Tangu hapo ukimwambia kaa, anainuka.

Nilimwelewa kabisa siku ya mdogo wangu. Zaituni alitoka kwetu Zinga, akakaa kwangu, akasoma jikoni kwa Mwalimu mpaka mkate akaweza kuukubali, akaenda. Kila Ijumaa alipiga simu ya video. Habari? Nzuri, dada. Kazi? Nzuri. Bosi? Mzuri, ananipenda. Mimi nikaridhika. Ijumaa moja nikasikia sufuria imeachwa kwa kishindo upande wa pili, na Mwalimu akaingia kwangu bila hodi, mikono ina unga mpaka viwiko, akaichukua simu.

Hakumuuliza habari. Alimuuliza, "Leo umekula nini?"

"Wali, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa samaki."

"Samaki gani?"

Zaituni akatazama pembeni.

"Nani kampika? Nionyeshe sufuria."

Mtoto akaanza kulia. Kumbe alikuwa na homa siku nyingi, anatapika kila alacho, anafanya kazi ameshika ukuta. Nikafura nikamlaani yule bosi. Mwalimu alininyamazisha kwa mkono wa unga. "Bosi akikuuliza asubuhi kef halish, unamjibuje?" Zaituni akasema, kwa kwikwi, kwamba anamjibu bi-kheir. Kila asubuhi. Yaani nzuri yetu ile ile, kaibeba kutoka Zinga, kaivisha Kiarabu.

"Nenda umwambie ana mariidha. Sasa hivi, simu ikiwa wazi, nisikie."

"Naona aibu, Mwalimu."

"Aibu ni ya Kiswahili. Hujaombwa Kiswahili."

Tulisikia nyayo, mlango, kisha sauti ndogo ya mdogo wangu ikisema maneno mawili. Halafu sauti ya mwanamke mwingine, kali, ikienda kasi. Nilishika ukingo wa cherehani. Mwalimu alisikiliza, akatabasamu. "Anamgombeza kwa nini hakusema mapema. Anaita gari." Zaituni alilazwa, akatibiwa, akarudi kazini, na hadi leo yuko hapo hapo. Mwalimu aliondoka kabla sijamshukuru, na simu yangu ilibaki na unga kwenye tundu la kuchajia.

Unaweza kudhani mtu wa namna hiyo angemfundisha binti yake kabla ya wote. Alimkatalia katakata. Alikuwa naye mmoja tu, Mwanahawa, na alimwambia atakwenda popote duniani isipokuwa huko. Mwanahawa hakubishana, kwa kuwa naye ni mtoto wa pwani. Alisema inshallah, mama, akaja kwangu kujifunza kushona. Alishona vibaya. Aliweka kiti karibu na ukuta, akashika kitambaa, midomo ikimcheza: jiibi, shiili, khalli, maaqdar. Siku alipoaga, alimuaga mama yake kwa Kiarabu kisafi. Mwalimu hakushangaa. "Ukuta unapitisha pande zote mbili," alisema. "Nilikuwa nikipaza sauti makusudi. Kama atakwenda kwa kuniiba, basi aibe vizuri."

Siku hiyo hiyo alipanda juu ya kile kigoda cha mchicha na kuisogeza saa ya ukutani saa moja mbele, iwe ya Maskati. Toka hapo kwake kulitangulia. Wanafunzi waliochelewa, walichelewa mara mbili.

Mwaka huu nilianza kukusanya vikombe vilivyojaa. Si nusu, vimejaa, kahawa imepoa haikuguswa. Sauti ya jikoni ikapungua, masomo yakaisha mapema, wasichana wakaambiwa rudini wiki ijayo. Nguo ya Idi niliyomshonea ikamning'inia mabegani. Nikimuuliza, nzuri. Kisha asubuhi moja nikaenda kuomba moto, nikamkuta amekaa. Amekaa kabisa, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono umeshika ubavu. Nitasema wazi, niliogopa kuliko siku ya homa ya Zaituni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari?"

Nikachuchumaa mbele yake. Yeye ndiye aliyeniambia, akitazama sakafu. Alishakwenda hospitali Dar peke yake, bila kumwambia mtu. Kuna uvimbe, wanataka kumpasua, na wamemwambia asikawie. Anasubiri Mwanahawa amalize mkataba.

"Lini huo?"

"Mwakani, inshallah."

"Mwanahawa anajua?"

"Hajui, wala hatajua. Akikuuliza, mwambie nzuri."

Sijawahi kumkasirikia mtu mzima namna ile. Nilimwambia, wewe? Wewe uliyewanyima watu njia kwa neno hilo? Uliyeingia chumbani kwangu na mikono ya unga? Alinisikiliza mpaka mwisho, mpole, kichwa upande, kile Kiswahili chake cha haya kimemfunika wote. "Atavunja mkataba, aache kazi, aje anikalie kitandani," alisema. "Nilipokuwa binti wa mtu, nililaumu. Sasa mimi ndiye mama. Niahidi."

Nikaahidi. Ungekuwepo ungeahidi. Lakini ahadi ile haikunipa raha hata dakika. Simu ikilia nilijidunga. Nilishona mkono wa kulia kushoto, nikafumua, nikashona tena pale pale. Akilini nilimwona Mwanahawa akipiga hodi na kanga sandukuni, na mimi ndiye niliyefungua mlango nikamwambia karibu, habari za safari, kaa kwanza. Tulikuwa tunairudia kazi ile ile, hatua kwa hatua, na mara hii zamu ya kunyamaza ilikuwa yangu.

Alipiga siku ya Jumatano, mchana. "Dada, shikamoo. Mama hapokei simu. Hajambo?"

Neno lilifika kwenye meno. Nzuri. Sikulitoa, na lile jingine sikulitoa pia, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Nilimwambia, "Subiri, muulize mwenyewe," nikazunguka ukuta, nikamweka binti usoni mwa mama.

Mwalimu aliinuka. Sijui alipata wapi nguvu. Alisimama wima kando ya jiko, akatengeneza mtandio, akasema, "Mwanangu, habari za huko?"

Mwanahawa hakujibu hilo. Alisogeza uso karibu na simu. Kisha akamuuliza, kwa sauti ninayoijua, ni ya mama yake mwenyewe, "Leo umekula nini?"

"Wali."

"Kwa nini?"

"Kwa samaki."

"Samaki gani?"

"Changu," alisema Mwalimu upesi mno.

"Nani kampika? Nionyeshe sufuria."

Simu nilikuwa nimeishika mimi. Nyuma yangu jiko lilikuwa baridi, majivu ya juzi, sufuria zimefunikwa kifudifudi. Ningeigeuza kidogo tu, angeona. Mwalimu aliniangalia, na sikuigeuza, kwa sababu hilo lilikuwa la kwake kusema au kutosema. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni. Saa ya ukutani iligonga saa nane, na kwetu ilikuwa saa saba.

"Mama," Mwanahawa akasema. "Basi kama kwa Kiswahili huwezi, niambie kwa kile kingine. Kef halish?"

Mwalimu alifumbua mdomo. Niliiona ile nzuri ikija, na bi-kheir nyuma yake, nikaona akiimeza moja, kisha ya pili.

"Ana mariidha," alisema. "Mariidha, yaa binti."

Mwanahawa hakulia. Alimuuliza tangu lini, na wapi panauma, na hospitali wamesema nini, na Mwalimu alijibu swali moja moja kwa Kiarabu, sauti ndogo, kama wale wasichana wake siku ya kwanza. Mengine sikuyaelewa. Nilielewa maaqdar, aliisema mara nyingi. Mwishoni binti alisema kitu kwa ukali, na mama akainamisha kichwa, akasema, "Haya."

Simu ikakatika. Nikauliza amesemaje.

"Anakuja," alisema Mwalimu. "Na kasema nikae."

Akavuta ile ndoo kwa mguu, akakaa. Nikaenda kwangu nikachemsha kahawa, nikamletea. Aliinywa taratibu pale pale alipokaa, mpaka mwisho, akanirudishia kikombe mkononi.